Saksafoni Haifunzwi kwa Vidole Pekee

Waungwana, ipo kauli inayozagaa barazani siku hizi: ya nini kijana kujitesa miaka kumi na ala ya muziki, na hali simu i mfukoni? Ndani ya simu mna walimu chungu nzima, mna programu za kumpigia ngoma na besi ajifunzie, na sasa mna mashine zitungazo wimbo mzima kwa kuambiwa maneno mawili matatu.

Swali hilo si la kupuuzwa. Nimelipima kwa ala niijuayo kidogo, saksafoni, na kwa jazz, muziki wa Wamarekani weusi ambao UNESCO imeutengea siku yake, 30 Aprili, iadhimishwayo kila mwaka tangu 2012.

Saksafoni ilibuniwa na Mbelgiji Adolphe Sax, akaisajili Ufaransa mwaka 1846. Ijapokuwa mwili wake ni wa shaba, ni jamaa wa zumari letu, kwani sauti hutoka kwa kijani chembamba kinachotikiswa na pumzi. Lakini mpiga zumari huvimbisha mashavu na kuvuta hewa kwa pua bila kukata sauti; anayejifunza saksafoni huambiwa mashavu yasivimbe, na pumzi isukumwe kutoka tumboni. Miezi yangu ya kwanza niliipoteza kwa kukimbilia vidole. Mwalimu wangu, mzee aliyepigia bendi za mahoteli ujanani mwake, alinirudisha nyuma: kila asubuhi sauti moja tu, ndefu, ianze kama mnong'ono, ipande, ishuke, isitetereke.

Yako wapi basi yale ya kubuni papo hapo, ambayo ndiyo roho ya jazz? Wengi hudhani ni kupuliza lolote lijalo. La hasha! Bluzi ya kawaida huenda kwa vipimo 12, kisha huanza upya. Chini yake sauti za piano hubadilika kwa mpango unaojulikana, na mpigaji hutunga juu ya mpango huo. Je, si ndiyo kazi ya malenga wetu? Anayejibizana kwa shairi ana mizani 8 kwa 8 na vina vyake, na ndani ya kifungo hicho huzua jibu ambalo dakika iliyotangulia hakuwa nalo. Uhuru wake umetokana na mengi aliyoyahifadhi.

Siku moja nilimpigia mzee mambo niliyoyatoa kwenye simu, sauti nyingi za haraka haraka. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Mwanangu, umesema nini?" Sikuwa na jibu. Akaniwekea santuri ya zamani, akaniamuru niimbe kwa mdomo kila alichopiga yule mtu kabla sijaigusa ala. "Kisichokaa kichwani," akasema, "hakitatoka kwenye shaba." Kipande cha dakika moja kilinichukua wiki tatu.

Mabingwa nao walipita njia hiyo. Charlie Parker, aliyezaliwa 1920, aliaibishwa jukwaani Kansas City akiwa bado kijana. Mwaka 1937 alikwenda milima ya Ozark na santuri za Lester Young, akazinukuu kwa sikio, akarudi mtu mwingine. Sonny Rollins alikuwa tayari na jina alipoacha majukwaa mwaka 1959. Hadi 1961 alifanya mazoezi juu ya daraja la Williamsburg, New York, asiwasumbue majirani.

Wapo miongoni mwetu wanaoona ala hizi hazifai kabisa, nami nawaheshimu. Wengine wanachochukia ni baa. Hao na wamtazame Yusef Lateef, aliyeingia dini kupitia jumuiya ya Ahmadiyya. Masheikh wana lao juu ya jumuiya hiyo, nami si mwanachuoni. Bwana huyo alikataa kupiga mahali panapouzwa pombe. Alitoa kitabu kikubwa cha ngazi za sauti mwaka 1981, akafanya utafiti Zaria, Nigeria, miaka ya 1980, na akafariki mwaka 2013 akiwa na miaka 93.

Sasa turudi kwenye simu. Santuri ya Parker pia ilikuwa mashine, kwa hiyo mashine si adui. Jambo la kupima ni nani anayesikiliza. Parker aliitumia mashine kulinoa sikio lake. Mashine ya leo inajitolea kusikiliza na kutunga kwa niaba yetu. Anayeikubalia atapata wimbo, lakini yeye mwenyewe atabaki bila sauti.

Hatari hii si ya Marekani tu. Taarabu yetu ina taqsim, pale mpiga udi au fidla anapoachiwa peke yake auzunguke maqamu kwa akili yake. Arusini siku hizi kinanda cha umeme hushika mahali pa ala nyingi, na taqsim hufupishwa au huachwa. Wazee waijuao hawadumu milele.

Basi kijana mwenye simu na aitumie: awarekodi wazee hao, aimbe walichopiga, kisha akae mbele yao aulizwe, "Umesema nini?" Mwenye jibu la swali hilo hatahofu mashine yoyote.