Mgonjwa wa Akili Atibiwe Kwao



Reli ya Nanyuki ilijengewa stesheni Karatina na Kiganjo ili mtu apandie gari karibu na kwao. Bali kijana wa Nyeri akiugua akili, watu husema, "Mpelekeni Mathari," yaani hospitali ya Nairobi iliyoanzishwa 1910, si ile ya Wakonsolata iliyo hapa kwetu. Neno hilo limekuwa tusi, na wazazi humficha mtoto mpaka ugonjwa ukomae.

Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa 2022, kaunti zikapewa wajibu wa kuleta matibabu karibu na watu. Januari 2025 Mahakama Kuu ikatamka kuwa kumshitaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Basi hofu ya korti isimzuie mzazi kwenda kwa daktari.

Twataka mambo mawili. Zahanati zetu, toka Othaya hata Naro Moru, zipate wauguzi waliofunzwa kazi hii. Tena mfanya kazi apewe ruhusa yenye mshahara amsindikize mwanawe, kama vile angevunjika mguu. Wajumbe wetu walipeleke neno hili mbele ya mabwana wa kazi, nasi tusimame nyuma yao.