Anwani ya Ofisi Ifuate Cheo, Isifuate Mtu

Neno "anwani" lina maana mbili: kichwa cha insha, na mahali barua inapopelekwa. Insha isiyo na kichwa humtatiza msomaji. Ofisi isiyo na anwani inayojulikana humpoteza mwananchi.

Mwaka 2008, baada ya kumaliza sekondari, nilitafuta baruapepe ya afisa aliyeshughulikia maombi ya ufadhili wa masomo. Nilikaa katika mkahawa wa intaneti hapa Remera, karibu na Kisimenti, nikiwa na fedha za saa moja tu. Tovuti ya ofisi ilikuwa na picha ya jengo na namba ya simu isiyopokelewa. Nikabahatisha: jina la kwanza, nukta, jina la pili, alama ya @, kisha jina la ofisi. Barua ikarudi. Rafiki akanipa anwani ya Yahoo aliyoinakili kutoka kwenye kadi ya afisa huyo. Barua hiyo haikurudi, wala haikujibiwa. Nilipokwenda mwenyewe, karani aliniambia kwamba afisa alikuwa amehamishwa miezi mitatu nyuma, na anwani alikwenda nayo, kwa kuwa ilikuwa yake. Muda wa maombi ulikuwa umekwisha juzi yake.

Simlaumu afisa yule. Hotmail ilianza mwaka 1996 na Yahoo Mail mwaka 1997. Zote zilitolewa bure, na watumishi wengi wa Afrika Mashariki walizitumia kwa kazi za ofisi. Kosa lilikuwa kuifunga ofisi kwenye jina la mtu. Cheo ni dhamana: mtu hupita, ofisi hubaki.

Leo Rwanda ina Sheria Na. 04/2013 kuhusu upatikanaji wa habari. Inawapa wananchi haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa taasisi za umma, na inazitaka taasisi hizo ziteue afisa wa kuzitoa. Lakini haki ya kuuliza ina faida gani ikiwa hujui pa kuulizia? Maoni yangu ni kwamba kila ofisi ya umma itangaze anwani yenye jina la cheo, na afisa anapohama, amkabidhi mrithi wake anwani hiyo pamoja na barua zake zote, kama anavyokabidhi funguo.

Wapo wanaohofu kwamba maafisa watazidiwa na barua. Barua zikiwa nyingi, ofisi na igawane kazi, isijifiche.

Nawe una wajibu wako. Usisake simu binafsi ya afisa wala nyumba yake, Sheria Na. 058/2021 inalinda taarifa binafsi za kila mtu, naye pia ni mtu. Iandikie ofisi, taja jambo lako kwa ufupi, weka tarehe na jina lako, kisha hifadhi nakala. Kuuliza si ujinga, ni uraia.