Gurnah tumempigia makofi, sasa tumsome

Abdulrazak Gurnah alipopata Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, tulishangilia: huyu wetu! Uliza sasa nani kamsoma. Kimya. Kisingizio cha Kiingereza kiliisha 2022, Ida Hadjivayanis alipoitafsiri Paradise ikawa Peponi. Humo kijana Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz kufidia deni la baba yake. Yeye anadhani anaenda kwa mjomba. Jamani, sisi wa Iringa na Mbeya hiyo tunaijua: Ijumaa binti yuko darasani, Jumatatu yuko Dar, dada wa kazi. Wewe mwalimu mtarajiwa utaandika "mtoro" kwenye rejista, basi. Gurnah anamfuata Yusuf mpaka ndani kwa tajiri, anakaa naye humo. Tukichanga watano, nakala moja haitushindi.