Mgeni wa Buber

Na Zuhura Mtawali

Mwaka 1914 mwanafalsafa Myahudi Martin Buber alitembelewa na kijana mmoja. Asubuhi ile Buber alikuwa amezama katika tafakuri, roho yake iko juu. Akamkaribisha mgeni vizuri, akazungumza naye kwa upole, akamjibu kila alichouliza. Yale ambayo kijana hakuyauliza, Buber hakuyadadisi. Baadaye, kijana amekwisha kufa, rafiki wa marehemu ndiye aliyemweleza kwamba yule hakuja kupiga soga. Alikuwa na jambo zito la kuamua.

Tangu hapo Buber aliacha kumtafuta Mungu katika saa za kujitenga na watu. Kitabu chake cha mwaka 1923, Mimi na Wewe, kinashikilia kwamba Mungu si kitu cha kuchunguzwa. Tunakutana naye pale tunapomkabili mwenzetu kwa nafsi yetu yote, bila kumfanya chombo cha haja zetu.

Wazo hilo lina mizizi ya kale. Walimu wa Talmud, kitabu cha mafundisho ya kale ya Kiyahudi, wakisoma habari za Ibrahimu aliyewakimbilia wapita njia watatu ilhali Mungu amemtokea, walikata shauri kwamba kumkirimu mgeni ni jambo kubwa kuliko kuupokea uso wa Mungu. Hata Yom Kippur, siku ya toba, pamoja na mfungo wake wote, haimfutii mtu kosa alilomtendea mwenzake mpaka aende kwanza akamridhishe. Njia ya mkato ya kupitia mbinguni haipo.

Emmanuel Levinas, mwanafalsafa Myahudi mzaliwa wa Lithuania, alikwenda mbali zaidi, na hapo ndipo ninapomfuata. Wajerumani walimteka mwaka 1940 akiwa askari wa Ufaransa, wakamfanyisha kazi msituni, huku wazazi na ndugu zake wakiuawa kwao. Mtu aliyepitia hayo akaandika kwamba uso wa mwenzako, usio na ngao wala silaha, unakuamuru usiue, na katika amri hiyo ndimo anamopita Mungu. Akamkosoa Buber kwa kuwaona mtu na mwenzake kama watu wanaodaiana sawasawa. Mwenye njaa ananidai mimi hata kama hana cha kunirudishia, na urafiki wa roho haumshibishi.

Vitabu vya Levinas ni vigumu. Wengi huviacha kurasa za mwanzo tu. Lakini tangu 1946, miaka mingi kabla hajawa profesa, aliongoza shule ya walimu wa Kiyahudi mjini Paris, akiishi humo humo. Naviamini zaidi kwa kuwa aliyeviandika alishinda mchana kutwa akishughulika na watoto wa watu.