Redio ya Canter: Tuanze na Betri, Skrini Baadaye

Nitoe msimamo wangu mapema ili anayetaka kubishana ajiandae. Kwa Canter kuukuu inayobeba mizigo kati ya Garissa na Hagadera, pesa ya mwisho kabisa kutumika iwe ya skrini. Ya kwanza iende kwenye umeme, ya pili kwenye antena, ya tatu kwenye spika. Kitakachobaki, hata kikiwa kidogo, kitanunua redio yenye vitufe na itatosha.

Ukienda sokoni Hagadera utakuta mambo yamegeuzwa. Mtu anauza mbuzi wawili, ananunua redio yenye skrini ya kugusa, nyuma yake anaweka nyaya mbili zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa karatasi ya nailoni. Wiki ya kwanza anatuita wote tuje tuone. Mwezi wa tatu gari haliwaki asubuhi, na lawama zote anabebeshwa Mchina.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Si fundi wa magari. Lakini nimekulia Hagadera, na huko ukishajulikana kuwa ni "mtu wa kompyuta" basi kila chenye waya ni chako: simu, sola, friji ya duka, na redio za magari. Ndiyo maana leo naweka kompyuta kando kidogo.

Kwanza, kwa nini redio ni jambo zito huko? Kutoka Garissa hadi Dadaab ni kama kilomita 100, na Hagadera iko mbele kidogo. Njiani mtandao wa simu unakuja na kuondoka unavyotaka. Dereva aliyepakia nyanya na vitunguu anataka kujua mapema kama njia imefungwa. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zilikata barabara pale Madogo, ng'ambo ya mto Tana, na mwaka 2024 maji yakarudi tena. Aliyesikia mapema alisubiri. Ambaye hakusikia aliuza uji wa nyanya. Na watu wetu ni watu wa redio tangu zamani: idhaa ya Kisomali ya BBC ilianza 1957, mwaka ule ule na ya Kiswahili, na njaa ya 2011 ilipoleta maelfu ya watu Dadaab, Internews ilianzisha kipindi cha Gargaar kilichorushwa kupitia Star FM kuwaambia wageni wapi pa kujiandikisha na wapi pa kupata maji. Gargaar kwa Kisomali ni msaada. Kwa hiyo usinione nachekesha nikisema redio ya lori ni kifaa cha kazi kama jeki.

Sasa, redio iliyokuja na gari. Kama Canter yako ilitumika Japani kabla ya kufika Mombasa, redio yake ya FM inasikia kuanzia 76 hadi 90 tu. Sisi vituo vyetu viko kati ya 87.5 na 108. Wajapani hawakutuonea. Kwao masafa ya 90 hadi 108 yalikuwa ya televisheni, chaneli ya 1 hadi ya 3. Walipozima televisheni ya analojia mwaka 2011 ndipo nafasi ikapatikana, na tangu 2014 wamepandisha FM yao hadi 95. Lakini gari lako liliundwa kabla ya hapo, na redio yake haijui habari hizo.

Fundi atakwambia, hakuna shida, tunaweka ekspanda. Hiki ni kijidude kinachokaa kati ya antena na redio, kinashusha masafa. Kituo cha 100.0 kikishushwa 14 kinaonekana kwenye 86.0. Sawa, lakini piga hesabu. Redio ina nafasi ya 14 tu, kutoka 76 hadi 90. Vituo vyetu vinahitaji nafasi ya 20 na zaidi. Debe la lita 14 halijazwi lita 20, hata ulisukume vipi. Ukishusha 14 unapata 90 hadi 104, juu ya hapo huna. Ukishusha 18 unapata 94 hadi 108, chini ya hapo huna. Juu ya hayo, vituo vya 88 na 89 hupenya bila kushushwa vikakaa juu ya vingine, na unasikia khutba na mpira kwa pamoja. Mimi ekspanda siishauri kwa mtu yeyote mwenye uwezo wa kununua redio ya bei ya chini kabisa. (Masafa ya AM hayana tatizo hili. Japani nao hupiga hatua za kHz 9 kama sisi, tofauti na Marekani wanaotumia 10.)

Basi redio inatoka. Hapa ndipo penye mauti ya betri.

Canter nyingi za huku ni za volti 24. Ukifungua utakuta betri mbili za 12 zimeungwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine. Usitazame tu, pima kwa mita, kwa sababu betri mbili zinaweza pia kuungwa sambamba zikabaki 12. Redio nyingi za madukani ni za volti 12. Ukiipa 24 inatoa moshi. Fundi anajua hilo, kwa hiyo anafanya ujanja: anachukua waya kutoka betri moja tu, ile ya chini. Hapo pana 12 kamili! Redio inaimba, mteja anafurahi, pesa inalipwa.

Tatizo ni kwamba redio sasa inakula betri moja huku nyingine ikitazama. Tuseme inavuta ampea 2 kwa saa 8. Hizo ni ampea-saa 16 kutoka betri ya chini pekee, kila siku. Alteneta inachaji zote mbili kwa mkondo mmoja, nayo inaangalia jumla tu, kama volti 28 hivi. Betri ya juu imejaa inafika 15.5, ya chini ina kiu imesimama 12.5. Jumlisha: 28. Alteneta inaona kila kitu ni shwari. Wenzangu wa programu mtalitambua kosa hili mara moja, ni jaribio linalokagua jumla na kupitisha mafaili mawili mabovu kwa sababu yamekosea kuelekea pande tofauti. Betri ya juu inachemka maji yanakwisha, ya chini inakufa kwa njaa. Unazika mbili badala ya moja, na betri moja ya Canter inanunua redio kadhaa za bei ya chini.

Na zikifa, hazifii nyumbani. Zinafia njiani, jua likizama, pembeni ya vichaka vya mathenge, mahali ambapo hakuna mtu anataka kulala na mzigo. Dereva mkimbizi ana tatizo la ziada: kutoka kambini anahitaji kibali, hawezi tu kupanda basi hadi Nairobi kutafuta kifaa bora. Anategemea kilichopo sokoni, na fundi aliyepo.

Mafundi wengine hujaribu kupatana: waya mwekundu wa redio wanaupa kipunguza volti, wa njano wanauunga kwenye betri moja wakisema "huo ni wa kuhifadhi saa na stesheni tu, haukuli kitu." Hapana. Kwenye redio nyingi za siku hizi wa njano ndio unaobeba umeme wote wa kupigia spika. Mwekundu ni ishara tu kwamba ufunguo umewashwa. Yaani wameukinga mlango wa bandia na kuacha wazi ule wa kweli.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza, tafuta redio iliyoandikwa 24V au 12/24V, na usome kwenye chuma cha redio yenyewe, si kwenye boksi. Zipo, hutengenezwa kwa ajili ya malori na mabasi. Ya pili ni kipunguza volti, ambacho wengine hukiita konvata, kinachotoa 12 kutoka kwenye 24 nzima, na nyaya zote mbili, wa njano na mwekundu, zitoke hapo. Epuka vile vya zamani vinavyochoma tofauti iwe joto: kushusha 28 hadi 14 kwa ampea 5 ni wati 70 za joto, na Hagadera joto tunalo la kutosha. Vya kisasa hukatakata umeme kwa kasi sana, havipati moto, ila hutoa kelele zinazoingia kwenye AM. Kiweke mbali na waya wa antena, ndani ya kasha la chuma lililofungwa kwenye bodi, na weka fyuzi karibu na betri. Si karibu na redio! Fyuzi iliyo mwisho wa waya haiulindi waya.

Rangi za nyaya nazo zina visa vyake. Redio za madukani karibu zote zinakubaliana: njano ni betri, mwekundu ni ufunguo, mweusi ni athi, yaani unaokwenda kwenye bodi. Ila gari halijasoma waraka huo. Kwenye plagi za Toyota za miaka mingi, mweusi na njano ni spika ya nyuma kushoto, mwekundu na mweupe ni spika ya nyuma kulia. Fundi anayeunga rangi kwa rangi anapata redio isiyowaka, na hapo ana bahati. Ambaye hana bahati ni yule anayeunga waya hasi wa spika kwenye bodi ili aokoe nyaya. Redio za leo husukuma spika kutoka pande zote mbili, hasi si athi, na akifanya hivyo anaua kikuza sauti papo hapo. Pima kila waya. Dakika ishirini.

Antena nitapita haraka. Kwa FM ya katikati, fimbo ya sentimita 75 inatosha: mita 300 gawa kwa 100, kisha robo. Mathenge huzivunja, kwa hiyo nunua inayopinda. Kwangua rangi na kutu mahali inapogusa bodi. Hizo za kubandika kiooni sijaona hata moja iliyonifurahisha.

Sasa skrini. Nina jirani, dereva wa umri wa baba yangu, aliyeniletea moja ya Android nimfungie. Nilimuuliza anaitakia nini. "Adeer," akaniambia (kwetu mzee na kijana huitana neno hilo hilo), "kila mtu anayo."

"Adeer, njiani unasikiliza nini?"

"Habari. Na nyimbo za zamani. Na simu ikilia nijibu bila kuishika."

Tukaiwasha mezani. Ilichukua zaidi ya nusu dakika kuamka, ikauliza lugha, ikataka intaneti. Tukaitoa nje saa saba mchana na skrini ikawa kioo cha kujitazamia. Kisha nikamwambia afumbe macho abadilishe stesheni. Alicheka tu. Kwenye barabara ya mchanga mikono inarukaruka. Kitufe cha kuzungusha unakipata kwa vidole, kwenye skrini lazima utazame, na anayetazama skrini hatazami ngamia. Mimi ninayetengeneza skrini kwa riziki ndiye ninayesema hivyo. Aliirudisha dukani kwa hasara kidogo, akachukua ya vitufe yenye USB na bluetuthi, tofauti ikanunua kipunguza volti. Vijana wanamcheka mpaka leo, yeye hajali.

Usidanganyike pia na "50W x 4" usoni mwa redio. Kwa volti 14.4 na spika ya omu 4, sauti safi haiwezi kupita wati 26 hivi kwa kila spika. Hiyo 50 ni ya sauti iliyopasuka kabisa, na hesabu hii haibadiliki kwa chapa. Injini ya Canter iko chini ya kiti chako inanguruma; spika mbili nzuri milangoni zitakusaidia kuliko namba yoyote.

Kuhusu flashi: redio nyingi za bei ya chini husoma FAT32 pekee. Flashi ya zaidi ya GB 32 kwa kawaida huja na exFAT, na redio itasema haioni kitu. Nyingi pia hucheza nyimbo kwa mpangilio ulionakiliwa, si wa alfabeti, kwa hiyo ukitaka ziende kwa zamu, nakili moja moja kwa zamu. Jirani yangu kaseti zake nilizihamisha hivyo, upande A na upande B kila moja na faili lake, maana hakutaka mpangilio uguswe.

Halafu jambo moja kwa fundi wako, umwambie kabla hajashika kisu: plagi ya asili ya gari asiikate. Anunue soketi inayoingia humo au aunge nyuma yake kwa risasi, na redio kuukuu ya 24 uiweke kwenye gunia safi. Siku ile mpya ikigoma Dadaab, ile ya zamani itarudi mahali pake kwa dakika tano, na AM angalau utasikia.