Kabla ya Kuhamisha Nyumba Yako

Nyumba ya mbao na mabati ina sifa moja ambayo nyumba ya mawe haina: mwenyewe akitaka aweza kuivunja, akaipakia katika lori, akaisimamisha mahali pengine. Kwa hiyo mkulima aliyegawiwa sehemu yake ya shamba la baba, au aliyenunua kiwanja karibu na barabara, huona kwamba kuhama ni kazi ya siku mbili tatu tu. Mafundi huitwa, jirani husaidia, na jioni paa liko chini. Kisha mtu wa kaunti hufika na kuuliza hati, nayo haipo.

Ndugu msomaji, fahamu kwamba sheria haitazami umri wa mbao zako. Hutazama kazi ya ujenzi inayofanywa juu ya ardhi. Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 yakataza kuanza kazi hiyo kabla ya kupata ruhusa ya kaunti. Atakayeanza bila ruhusa aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au kupewa adhabu zote mbili.

Basi enda kwanza katika ofisi ya mipango ya kaunti yako. Chukua hati ya ardhi, ramani ya kiwanja, na michoro inayoonyesha nyumba itakaposimama, njia ya kuingilia, na jinsi maji machafu yatakavyoondoka. Taja jiko, ghala, zizi na choo pia, uulize ni kipi kinachohitaji ruhusa, maana ada na taratibu za kaunti si sawa kila mahali. Usiondoke bila nakala ya maombi yako yenye muhuri na tarehe. Sheria yasema kwamba usipopata jibu la maandishi katika siku 60, ruhusa huhesabiwa kuwa imetolewa. Lakini bila karatasi ile utathibitishaje siku uliyoomba?

Wanaosogea karibu na barabara kwa ajili ya biashara wawe waangalifu zaidi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 yakataza kujenga katika ardhi ya barabara bila idhini ya maandishi ya mamlaka inayohusika. Vilevile Mombasa, ambako iko desturi ya zamani ya nyumba ya mtu mmoja kusimama juu ya ardhi ya mwingine, mwenye nyumba asihamie kiwanja kipya kwa maneno matupu. Na apate mapatano yaliyoandikwa na mwenye ardhi.

Choo nacho hakihami. Vibanda vyake vyaweza kubebwa, lakini shimo hubaki, nalo ni hatari kwa watoto na ng'ombe. Lifukie siku ile ile, na shimo jipya lichimbwe mbali na kisima.

Wengine husema kwamba vibali ni njia ya kumsumbua mwananchi. Lakini wazee wa sehemu za Mlima Kenya hawajasahau miaka ya 1954 na 1955, wakati serikali ya kikoloni ilipowahamisha watu zaidi ya 1,000,000 na kuwatia katika vijiji. Nyumba zao zilivunjwa kwa amri, wala hawakuulizwa kama wataka. Leo mwenye nyumba ndiye aombaye, na akikataliwa ana haki ya kukata rufani katika siku 14 mbele ya kamati ya kaunti inayosikiliza mambo hayo, kisha katika mahakama ya ardhi. Lakini haki hiyo yamfaa yule aliyeomba. Aliyejenga kwa siri hana karatasi ya kumtetea.

Kwa hiyo usiguse bati hata moja kabla ya ruhusa kuwa mkononi. Ukiisha kuipata, tia namba kwa rangi juu ya kila nguzo na kila bati, ili fundi asipoteze siku kutafuta mahali pake. Mtu aliyevunja nyumba ya zamani, kisha akazuiwa kuisimamisha mpya, hana nyumba yo yote, na watoto wake hulala kwa jirani. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.