Hisabati ya kuingia MBA haisomwi kwa zimamoto

WAPO wasomaji wetu wengi, wakulima na wafanyabiashara wadogo, ambao watoto wao wamemaliza shahada ya kwanza na sasa wanazungumzia mtihani unaoitwa GMAT. Mara nyingi mzazi hulisikia jina hilo pale kijana anapoomba fedha za ada ya mtihani. Baadaye husikia ombi jingine, safari hii la fedha za kozi ya wiki mbili ya kujiandaa. Mahindi yaliyohifadhiwa kusubiri bei nzuri huuzwa kwa bei ya hasara, au mbuzi hupelekwa mnadani, ili kijana asikwame.

Tuseme wazi tangu mwanzo kwamba hatupingi mtoto wa mkulima kutafuta shahada ya uzamili ya biashara. Nchi inayoishi kwa kilimo na biashara ndogondogo inawahitaji sana watu wanaojua kuendesha viwanda vya kusindika mazao, benki na vyama vya ushirika. Tunachopinga ni jasho la mkulima kutumika kununua kwa haraka kitu ambacho hakinunuliki kwa haraka, yaani mazoea ya kupiga hesabu.

Kwanza tuueleze mtihani wenyewe. Ulianza kutolewa mwaka 1954 nchini Marekani, baada ya shule kadhaa za biashara kukubaliana kuwa na mtihani mmoja wa kupima waombaji wao. Leo unakubaliwa na shule nyingi zenye majina makubwa duniani, kama Harvard na Wharton za Marekani, London Business School ya Uingereza na INSEAD ya Ufaransa. Vyuo vyetu vingi vya hapa nyumbani huangalia zaidi shahada ya kwanza na uzoefu wa kazi. Hata huko nje, baada ya UVIKO-19 kuingia mwaka 2020, baadhi ya shule zililegeza sharti la mtihani. Kwa hiyo hatua ya kwanza kwa kijana yeyote ni kuuliza chuo anachokitaka kama kinahitaji GMAT kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Kwa wanaouhitaji, sura mpya ya mtihani huu iliyoanza mwishoni mwa mwaka 2023 ina sehemu tatu, kila moja dakika 45: hisabati, lugha ya Kiingereza, na uchambuzi wa takwimu zilizo katika majedwali na michoro. Alama huanzia 205 hadi 805. Sehemu ya hisabati ina maswali 21, maana yake ni dakika mbili na sekunde chache kwa kila swali. Hufanywa kwa kompyuta, na swali linalofuata huwa gumu au jepesi kutegemea jinsi ulivyojibu yaliyotangulia. Kalkuleta hairuhusiwi katika sehemu hiyo.

Hapo ndipo vijana wengi wanapoingiwa na hofu. Lakini ukitazama yaliyomo, hakuna hisabati ya wahandisi. Jiometri iliondolewa katika sura hii mpya. Kilichobaki ni hesabu za kawaida na aljebra ya sekondari: asilimia, uwiano, sehemu, wastani, riba, mwendo na muda, namba tasa na milinganyo. Ni mambo ambayo msomaji wetu wa Kariakoo au Kibaigwa hukutana nayo kila siku, ila hayaandikwi kwa Kiingereza wala hayawekewi saa.

Chukua mfano wa bei. Gunia la zao fulani linauzwa shilingi 100,000. Bei ikashuka kwa asilimia 20, kisha ikapanda kwa asilimia 20. Je, imerudi pale pale? Wengi hujibu ndiyo, nao wamekosea. Bei ilishuka hadi 80,000, na asilimia 20 ya 80,000 ni 16,000 tu, hivyo sasa ni 96,000. Swali la namna hii ni la kawaida kabisa katika mitihani ya aina hii, na ni la kawaida kabisa sokoni.

Chukua lumbesa. Mkulima amekubaliana bei ya shilingi 60,000 kwa gunia la kilo 100, yaani shilingi 600 kwa kilo. Mnunuzi akalishindilia na kulishonea kofia hadi likafika kilo 120, lakini akalipa zile zile 60,000. Mkulima amepoteza shilingi 12,000. Ni asilimia ngapi ya thamani ya mzigo wake? Anayejibu haraka husema 20. Lakini mzigo ulikuwa na thamani ya 72,000, na 12,000 katika 72,000 ni moja ya sita, yaani chini kidogo ya asilimia 17. Kujua asilimia inahesabiwa juu ya kitu gani ni nusu ya hisabati yote ya mtihani huu.

Au chukua chakula cha kuku. Tuseme una pumba yenye protini asilimia 10 na mashudu yenye asilimia 30, nawe unataka mchanganyiko wenye asilimia 18. Utachanganya kiasi gani kupata kilo 100? Kilo 60 za pumba zinaleta kilo 6 za protini, na kilo 40 za mashudu zinaleta kilo 12. Jumla ni 18. Mfugaji hufikia uwiano huo kwa kujaribu na kupoteza fedha, wakati aliyefanya mazoezi huupata kwa dakika mbili.

Mfano wa mwisho ndio unaotuuma zaidi. Mtu amekopa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi. Mkopeshaji wa kwanza anahesabu riba juu ya mkopo wote wa awali kila mwezi: 24,000 mara 12, jumla 288,000. Wa pili anahesabu juu ya deni lililobaki, huku mkopaji akirejesha 100,000 ya mkopo kila mwezi: jumla ya riba ni 156,000. Kiwango cha riba kinachotajwa ni kile kile, tofauti ni shilingi 132,000. Kijana anayejiandaa kwa mtihani akiyafahamu hayo mezani kwake, ndiye pia atakayemzuia mama yake asitie saini karatasi ya kwanza.

Kama hisabati yenyewe ni hii, kwa nini inawashinda waliosoma? Sababu iko wazi. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2023, waliofaulu Hisabati walikuwa kama robo moja tu ya watahiniwa. Wengi wa wanaofika chuo kikuu katika masomo ya sanaa waliagana na somo hilo sekondari, na hawakulifungua tena kwa miaka mitano au sita. Ujuzi usiotumika hupotea. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akaonyesha kwamba tunasahau haraka sana tulichojifunza mara moja, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunashikiza zaidi kuliko kurundika marudio yote siku moja.

Mkulima wa bustani hahitaji kuelezwa zaidi. Anajua kwamba ndoo moja kila jioni huikuza nyanya, na kwamba ndoo 30 zikimwagwa siku moja ya mwisho wa mwezi huondoka na udongo. Hesabu ya muda inathibitisha hivyo hivyo. Dakika 45 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa wiki 24, ni saa 108. Kozi ya zimamoto ya saa 8 kwa siku kwa siku 14 ni saa 112. Saa zinakaribiana, ila wa kwanza amelala na kuirudia hesabu zaidi ya mara 140, na wa pili mara 14. Wa kwanza anaweza kuendelea na kazi yake ya kumwingizia kipato. Wa pili ameacha kazi na amelipa juu yake.

Tena, wanaoshindwa hawawezi kurudi kesho yake. Kanuni za mtihani zinamtaka mtu asubiri siku 16 kabla ya kuurudia, na hawezi kuufanya zaidi ya mara tano ndani ya miezi 12. Kila mara ada inalipwa upya, tena kwa hesabu ya dola. Aliyeingia bila mazoezi, siku 16 hazitamtosha kubadili kitu, na familia itauza mbuzi wa pili kwa kosa lile lile.

Tunajua yatakayosemwa. Wapo watakaosema simu ina kalkuleta, hivyo hakuna haja ya kuumiza kichwa. Kalkuleta hujibu ulichoiuliza. Haikuambii kwamba umegawanya kwa 60,000 badala ya 72,000. Wapo watakaosema kijana wa kijijini hana muda, maana asubuhi yuko shambani na jioni yuko dukani. Huyo ndiye hasa ambaye kozi ya kutwa haimfai, na dakika 45 zinamfaa. Wapo pia watakaosema kozi zina walimu wazuri. Hatukatai. Mwalimu mzuri ni msaada mkubwa kwa aliyekwisha kuanza mazoezi na anajua anapokwama. Kwa asiyefanya mazoezi, mwalimu ni mtu wa kumtazama akipiga hesabu ubaoni.

Basi, afanye nini kijana huyo? Aanze miezi sita kabla. Ajisajili na kupata mitihani miwili ya majaribio ambayo wenye mtihani wanaitoa bure, afanye mmoja mwanzoni ili ajue alipo, na autunze wa pili kwa wiki za mwisho. Miezi miwili ya kwanza ashughulike na misingi bila kutazama saa: jedwali la kuzidisha, sehemu, asilimia, uwiano. Miwili inayofuata aingie aljebra na maswali ya maneno, maana ugumu wa wengi ni kugeuza sentensi ya Kiingereza kuwa mlinganyo. Miwili ya mwisho aweke saa mezani na kujizoeza kuliacha swali lililomshinda, kwa sababu dakika tano zilizoliwa na swali moja zimeibwa kwa maswali mengine mawili.

Zaidi ya yote, awe na daftari la makosa. Kila swali alilokosa aliandike, aeleze kwa maneno yake kwa nini alikosa, na alirudie baada ya siku tatu na baada ya wiki mbili. Daftari hilo ni sawa na daftari la madeni la mwenye duka: asiyeliandika anadhani mambo ni mazuri mpaka siku ya kufunga hesabu.

Kwa wazazi tunatoa rai tatu. Kwanza, kijana akiomba fedha za kozi, mwombe akuonyeshe daftari lake la mwezi uliopita. Kama halipo, fedha hizo zisubiri. Pili, mpe muda wake na uulinde. Meza, taa na dakika 45 ambazo hatumwi dukani wala hafukuzi kuku ni mchango usiogharimu gunia la mahindi. Tatu, mpe hesabu za nyumbani. Akokotoe faida ya duka bila kalkuleta, apime mchanganyiko wa chakula cha mifugo, asome mkataba wa mkopo kabla hujausaini. Atapata mazoezi, nawe utapata mhasibu.

Viongozi wa SACCOS na vyama vya ushirika vya mazao nao wana nafasi. Ofisi nyingi za vyama hubaki tupu jioni. Wakizifungua kwa vijana wachache wenye madaftari yao, watajenga kundi linalosaidiana, na baadhi ya vijana hao watabaki kuwa wakaguzi wa mahesabu ya chama chenyewe. Wanachama wameibiwa vya kutosha na makarani wanaotegemea kwamba hakuna atakayezidisha kilo kwa bei.

Si kila atakayefuata njia hii atafika Harvard au London. Wengi hawatafika, kwa sababu alama ni sharti moja tu, na karo ya huko ni mlima mwingine. Lakini kijana aliyepiga hesabu kila siku kwa miezi sita hatoki mikono mitupu hata akinyimwa nafasi. Anabaki na uwezo wa kutazama bei, mzani na mkataba na kuona palipojificha shilingi 132,000. Aliyetumia fedha hizo hizo kwa wiki mbili za zimamoto anabaki na stakabadhi.

Haba na haba hujaza kibaba. Anayetaka kufanya mtihani mwakani aanze leo jioni, kwa dakika 45, na kesho arudie.